Nani Aligeuza Saa

Kwa siku kumi na tisa nilimtazama ndege mmoja akilalia mayai manne katikati ya theluji, kaskazini kabisa mwa Alaska, na mpaka leo hakuna mtu anayeweza kusema alikuwa akiondoka kwenye kiota saa ngapi. Si kwamba sikuangalia. Niliangalia mpaka kope zikashikana kwa barafu. Si kwamba hatukuandika. Tuliandika daftari zima, kila mstari na saa yake na dakika zake. Kazi yote hiyo ilikataliwa kwa sababu watu wawili tuliokuwa kambini, mimi na Ilunga, tulikuwa tunazungumza Kiswahili.

Nisingeyaandika haya kama Ilunga asingefariki. Jumamosi nilikwenda msibani kwake Silver Spring, ghorofa ya sita, kwenye sebule iliyojazwa viti vya kukunja vya kanisa. Makoti yalirundikwa kitandani chumbani mpaka mtu hakujua lake liko wapi. Jikoni wanawake watatu walikuwa wanabishana juu ya sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, mmoja akisema kwamba sombe bila mawese ni majani ya kulisha mbuzi, mwingine akimjibu kwamba marehemu mwenyewe alikatazwa mawese na daktari, basi aheshimiwe angalau leo. Mimi nilikaa karibu na dirisha, nyuma ya vijana wawili wa Kikenya waliokuwa wamefanya kazi na Ilunga kule Sterling, ulinzi kwenye yale majengo ya kompyuta yasiyo na madirisha. Walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini kuhusu zamu. "Kesho naingia saa moja," mmoja alisema. Mwenzake akamgeukia: "Saa moja ama one o'clock?" "Saa moja asubuhi, bro. Seven." Wakaendelea na mambo yao. Sekunde tatu, na jambo limekwisha. Niliwatazama visogo vyao nikasikia hasira ambayo sikutegemea kuwa nayo msibani. Swali hilo hilo, lililoulizwa na kujibiwa vizuri namna ile, ndilo lililotushinda sisi wawili kwa siku kumi na tisa.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, mwanafunzi hapa Maryland, na nilitaka kitu kimoja tu. Profesa Alden, mwanamke mrefu aliyekuwa akiwachunguza ndege wa pwani kwenye mazalia yao ya kaskazini, alikuwa na nafasi moja ya shahada ya uzamili. Aliniambia waziwazi ofisini kwake: nikirudi na kumbukumbu kamili ya kiota kimoja, nafasi ni yangu, na jina langu litakuwa kwenye ripoti. Ilunga naye aliahidiwa ajira ya kudumu kwenye maabara yake. Alikuwa amenizidi miaka mitatu, mwalimu wa biolojia kutoka Lubumbashi, ambaye hapa alikuwa anaosha vyombo vya maabara na kushona mahema. Vifaa vidogo vya kupima joto ndani ya kiota vilikuwa vichache siku hizo, na Profesa alivihitaji kwenye viota vyake mwenyewe, kwa hiyo kiota chetu kilikuwa kitazamwe kwa macho. Macho yangu yalikuwa mazuri. Mwandiko wa Ilunga ulikuwa wa haraka. Tulipangwa hivyo.

Ndege wetu alikuwa aina ya kitwitwi, wa rangi ya udongo mkavu, kifua chenye michirizi. Dume huondoka mapema na kumwachia jike kila kitu. Jike hulalia mayai peke yake, na kwa kuwa hakuna wa kumletea chakula, lazima aondoke mara kwa mara kwenda kutafuta wadudu kwenye matope, akiacha mayai wazi. Swali la Profesa lilikuwa rahisi: kwenye nchi ambayo jua halizami kiangazi chote, mama huyu anachagua saa gani ya kuondoka? Saa 9 asubuhi, wakati hewa imeanza kupata joto, au saa 3 alfajiri, wakati jua limeinama na baridi ni kali kuliko saa zote? Kama ni ile ya kwanza, hakuna jipya. Kama ni ya pili, kulikuwa na jambo la kueleza. Nimeandika saa hizo kwa saa za Kizungu, na msomaji ataona punde kwa nini nasema hivyo.

Tundra ni nchi isiyo na mti hata mmoja. Theluji ilikuwa imeyeyuka vipande vipande, na kati ya vipande kulikuwa na nyasi fupi za manjano na maji meusi. Kibanda changu cha turubai kilikuwa umbali wa dakika kumi kutoka hemani, na mle nililala kifudifudi na darubini, glavu mbili juu ya glavu mbili. Kuandika hakukuwezekana. Kalamu iliganda, karatasi ililowa. Kwa hiyo nilikuwa nakariri, halafu kila baada ya saa tatu au nne nafungua redio ya mkononi, kwa sababu betri zilikuwa za kubania, na kumsomea Ilunga yote kwa mkupuo: ameondoka saa fulani, amerudi saa fulani, upepo, mawingu. Yeye alikuwa hemani akipika na kuandika. Wiki ya mwanzo Profesa alikuwa pamoja nasi, na redioni tulizungumza Kiingereza. Halafu Profesa akavuka mto kwenda kwenye viota vyake vingine, theluji ya milimani ikayeyuka, mto ukajaa, na hakuweza kurudi kwa siku kumi na tisa.

Siku ile ile ya kwanza tuliacha Kiingereza. Hatukukubaliana; kiliondoka chenyewe. Nakumbuka nilivyobonyeza kitufe nikasema, "Ilunga, ameondoka, saa tatu na robo, kuna kijua," na sauti yake ikarudi ikicheka, "Nimekupata, dada, bukari iko tayari," yaani ugali. Nilijisikia kama mtu aliyevua viatu vilivyombana. Wiki nzima kinywa changu kilikuwa kimebeba lugha ya watu, na sasa kilipumzika. Hiyo raha ndogo ndiyo iliyotumaliza. Ningependa kusema nilikuwa mzembe, au kwamba yeye alikuwa mzembe. Hapana. Tulikuwa na furaha.

Hema la jikoni lilikuwa na jiko moja la gesi, soksi zikining'inia kwenye kamba juu yake, na harufu ya dagaa wa kopo iliyokaa kwenye nguo zetu mpaka Septemba. Ilunga alisonga unga wa mahindi mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Siku ya tano, akinipakulia, akauliza jambo ambalo lilikuwa limemkera.

"Dada Zuhura, hii saa tatu yako ni ya wapi?"

"Ya wapi kivipi? Saa tatu asubuhi."

"Kwetu Lubumbashi, saa tatu ni trois heures, ile 3 ya kwenye saa. Ukitaka ile ya asubuhi, unasema saa neuf, batu banakusikia."

"Saa neuf? Tisa ya Kifaransa? Hiyo ni lugha gani, kaka?"

"Njo Kiswahili hiyo. Ile yenu ni saa ya kuku. Munaanza kuhesabu kuku ikiamuka."

"Na yenu ni saa ya Wabelgiji."

"Wabelgiji balikuwa na saa ya mukono, dada. Kuku hana."

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha nikauliza ameandika nini siku hizo nne. Akasema ameandika kama alivyosikia: nikisema tatu, ameandika 3. Tukaacha kucheka. Hizo siku nne tungeweza kuzirekebisha, bado zilikuwa mbichi, na nadhani tulizirekebisha, ingawa leo siwezi kuapa. Kwa siku zilizobaki tulihitaji kanuni. Nikasema, "Basi tutageuza." Naye akasema, "Sawa, tutageuza." Tukala.

Nimelifikiria neno hilo zaidi ya neno lolote nililowahi kulisema. Leo kazi yangu ni ukalimani wa mahakama, Upper Marlboro, na shahidi akisema jambo limetokea saa tatu, nainua mkono na kumwomba hakimu ruhusa ya kuuliza saa tatu ipi. Baadhi ya mawakili wananiona msumbufu. Lakini hata mimi sina dawa ya "tutageuza". Mimi niliposema hivyo nilimaanisha kwamba nitajitahidi kutamka saa kama inavyoonyeshwa na saa yangu ya mkononi, ili yeye aandike bila kufikiri. Yeye aliposema hivyo alimaanisha kwamba akinisikia, atageuza kichwani kabla ya kuandika, ili mimi nisisumbuke kwenye baridi. Kila mmoja alikuwa anamhurumia mwenzake. Matokeo yake ni haya: saa yangu ikionyesha 9:15, nasema "saa tisa na robo" kwa kumsaidia, yeye anasikia saa tisa, anageuza kwa kunisaidia, anaandika 3:15. Nikiwa nimechoka nikasahau, nasema "saa tatu na robo" kama nyumbani. Anageuza, anaandika 9:15, na hapo ni sahihi. Siku nyingine alihisi kwamba nimeshageuza, akaacha. Siku nyingine mimi nilihisi kwamba anageuza, nikaacha. Ungeuliza: asubuhi na usiku je? Kwetu saa zinahesabiwa tangu jua linapochomoza na tena tangu linapozama. Pale halikuchomoza wala halikuzama. Lilizunguka tu pembezoni mwa dunia kama mtu anayetafuta mlango. Nililala nilipochoka, niliamka nilipopata baridi, na baada ya siku kumi sikuwa na uhakika hata wa tarehe.

Profesa aliporudi, mayai mawili yalikuwa yametotolewa na mawili yamekufa ndani ya ganda. Alivua buti zake hemani, akachukua daftari na kulisoma huku akinywa chai. Alisoma muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye mstari. Mmeandika 3:15, alisema, ndege ameondoka, kuna jua. Saa hiyo ya siku hiyo mimi nilikuwa nimefunikwa na dhoruba ng'ambo ya mto na sikuiona mikono yangu. Ilunga akanitazama. Mimi nikamtazama Ilunga. Siku nyingine zote hazikuwa na dhoruba wala jua la kutusaidia. Zilikuwa za kijivu tangu mwanzo hadi mwisho, saa zote zikifanana.

Tulirudi Maryland na Profesa akatupa mwezi mmoja. Nilikuwa nimepanga chumba cha chini kwenye nyumba ya mama mmoja wa Kitanzania hapa Silver Spring, chumba chenye dirisha moja usawa wa miguu ya wapita njia. Ilunga alikuja kila baada ya kazi na penseli zake mbili, nyekundu na ya kawaida. Daftari tulilokuwa nalo lilikuwa nakala safi, kwa mwandiko wangu, kwa sababu kule hemani yeye alikuwa ananukuu haraka kwenye kidaftari cha mfukoni, kisha siku za mwisho alinisomea tarakimu zote na mimi nikazipanga. Kidaftari chenyewe kilikuwa kwenye sanduku la vifaa linalokuja kwa meli, na meli haikuwa na haraka. Basi tulikaa na nakala yangu, mistari iliyonyooka, tarakimu nzuri, isiyo na maana.

"Hapa ulisema tisa," alikuwa akisema.

"Sikusema tisa. Nilisema tatu."

"Dada, mimi nilisikia tisa."

"Ulisikia tisa kwa sababu ulikuwa unageuza."

"Niligeuza kwa sababu ulisema tatu."

"Si umesema sasa hivi nilisema tisa?"

Mama mwenye nyumba alikuwa akishuka na sahani ya maandazi, anasikiliza kidogo mlangoni, anapanda tena. Siku moja nilimsikia akimwambia mtu kwenye simu: "Wasomi wangu hao wako chini, wiki ya tatu, wanatafuta saa ngapi." Wiki ya nne tuliacha kubishana, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kila mmoja alikuwa anaandika kwenye karatasi yake anachokumbuka, tukilinganisha, hatulingani.

Mwisho wa mwezi Profesa alituita ofisini. Hakukasirika. Alisema hawezi kutumia daftari ambalo saa ndani yake ni maoni ya mtu. Ila, akasema, kama mmoja wetu alikuwa anageuza kwa utaratibu na mwingine ndiye aliyevuruga, basi huenda kuna njia ya kuokoa sehemu. Akauliza: ni nani kati yenu aliyekuwa anageuza? Ilunga alianza kutafuta Kiingereza chake, ambacho kilikuwa kizito pale alipotakiwa kuwa makini. Mimi Kiingereza changu kilikuwa tayari. Nikasema, "Yeye ndiye aliyekuwa anaandika saa."

Ni sentensi ya kweli. Nimeichunguza kwa miaka yote hii na hakuna neno la uongo ndani yake. Mahakamani ningeitafsiri bila kusita. Profesa aliielewa kama nilivyotaka aielewe. Ilunga aliinamia penseli zake, akaziweka mfuko wa shati, ile nyekundu na ile ya kawaida, akashukuru, akatoka. Mwisho wa mwaka mkataba wake haukuongezwa. Na mimi sikupata nafasi ile pia, kwa sababu nafasi ilikuwa ya mtu mwenye kumbukumbu za kiota, na kiota sikuwa nacho. Hilo ndilo linalonikera hata sasa, kwa namna isiyo na heshima: kwamba nilimtosa mtu na sikupata kitu. Desemba alinipigia simu mara mbili. Niliona jina lake, nikaacha simu iite mpaka ikachoka.

Baadaye tulikutana, kama watu wa huku wanavyokutana, harusini, ubatizoni, kwenye foleni ya duka la vyakula vya Kiafrika. Alikuwa amehamia kwenye ulinzi, ameoa, amepata binti, Grace. Alinisalimia kwa uchangamfu. Aliniita "mama kuku" mbele ya watu, na watu wakadhani ni kwa sababu ya kuku wa kukaanga ninaowapeleka kwenye sherehe. Hakuwahi kutaja ofisi ile. Mimi pia sikuwahi. Mara nyingi nilianza: nilishika glasi, nikajisogeza karibu na kiti chake, kisha mtu akaja na sahani, au muziki ukaongezwa, au niliruhusu muziki uwe sababu.

Jumatatu baada ya msiba, Grace alinijia kazini, saa ya chakula cha mchana, akiwa na bahasha. Ana miaka ishirini na mbili. Anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, isipokuwa salamu. "Shikamoo, tantine," alisema, akiniita shangazi kwa Kifaransa cha kwao, kisha akaeleza kwa Kiingereza kwamba walikuwa wanapanga vitu vya baba yake na wamekuta kitu chenye jina langu. Ndani ya bahasha kulikuwa na kidaftari cha mfukoni chenye jalada lililovimba kwa maji. Nilikijua kabla sijakigusa. Kwenye jalada palikuwa na karatasi ya usafirishaji, imebandikwa kwa gundi, na mhuri wa mwezi wa Desemba.

Desemba. Kwa hiyo sanduku lilifika, akalifungua, akapiga simu. Mara mbili.

Tulikaa kwenye benchi nje ya mahakama, nikafungua kurasa kwa ukucha kwa sababu zilikuwa zimeshikana. Mwandiko ulikuwa wake, wa haraka, umelala. Siku nne za mwanzo, tarakimu tupu. Kuanzia siku ya tano, siku ya "tutageuza", pembeni ya baadhi ya saa kulikuwa na herufi moja ndogo: d. Si kila mstari. Mistari mitatu yenye d, miwili bila, mmoja wenye d, mitano bila. Ameiweka kwa uangalifu, mahali pale pale, baada ya dakika, mpaka ukurasa wa mwisho. Aliponisomea hemani hakuitamka, na mimi niliyekuwa najisifu kwa unadhifu sikuwahi kuinua kichwa kuangalia anachosoma. Alikuwa na utaratibu. Profesa aliuliza kama kulikuwa na mtu mwenye utaratibu, na mtu huyo alikuwa amekaa kushoto kwangu.

"Tantine, d ni nini?" Grace aliuliza, na aliuliza kwa Kiswahili.

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Ikiwa d ni dada, basi saa hiyo ni kama dada alivyoisema na yeye hakuigusa. Lazima iongezwe sita, 3 iwe 9, na ndege alikuwa anaondoka asubuhi, kama ndege wengine. Ikiwa d ni déjà, "tayari" kwa Kifaransa, basi saa hiyo imeshageuzwa. Iachwe ilivyo, 3 ibaki 3, isiyo na d ndiyo iongezwe sita, na mama yule wa kiotani alikuwa anayaacha mayai yake wakati wa baridi kali kuliko zote. Mistari yote inafunguka kwa herufi hiyo moja, upande huu au upande ule. Grace alitoa simu akampigia mama yake hapo hapo, akaweka sauti ya wazi. Mama Grace alifikiri kidogo. "D? Aliiweka pahali pote ule mutu," alisema. "Kwa kalenda, d ya dimanche, Jumapili. Kwa chupa, d ya dawa. Nilikuwa ninamuuliza, ananiambia, wewe soma tu."

Nina anwani ya Profesa Alden, aliyestaafu na bado anajibu barua. Nimeanza kumwandikia mara tatu. Sehemu inayonihusu mimi nimeimaliza. Ile si ngumu tena. Ninakwama pale ninapotakiwa kumwambia Ilunga aliandika nini. Grace amepekua kila karatasi aliyoiacha baba yake, risiti, kalenda za kazini, madaftari ya kanisa, akitafuta mahali alipoandika moja ya maneno hayo mawili. Déjà hajaiona popote. Neno dada ameliona mara moja, kwenye orodha ya walioalikwa harusi ya baba yake, kabla ya jina langu, limeandikwa kwa kirefu.